Eti intavali peke yake inatosha kupima nadharia tete?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nasoma uuguzi mwaka wa tatu, nipo Dodoma. Kwenye ripoti yangu nimefanya t-testi ya wastani, msimamizi akasema ningeweka konfidensi intavali ya 95% tu ingetosha, pi-valyu niachane nayo. Sasa intavali inapimaje nadharia tete wakati haisemi kataa wala usikatae? Naomba unieleweshe taratibu, hili somo darasani nilitoka kapa.

JIBU: Marahaba mwanangu. Msimamizi wako yuko sahihi kabisa. Nadharia tete ni dai unalolipima kwa data, konfidensi intavali ni namba kuanzia hapa hadi pale ambamo wastani wa kweli unakadiriwa kuwemo, na pi-valyu ni uwezekano wa kupata data iliyo mbali hivyo na dai, au zaidi, kama dai lingekuwa kweli. Kwa kuwa wewe ni wa uuguzi ngoja tushike kipimajoto. Ile 37 tunayoambiwa ndo joto la kawaida la mwili ilienezwa na daktari Mjerumani, Carl Wunderlich, kwenye kitabu chake cha 1868. Mwaka 1992 Philip Mackowiak na wenzake huko Marekani wakaipima upya kwa watu wazima wenye afya, na kuna data zilizotengenezwa kufuata utafiti huo ambazo walimu wa takwimu tunazitumia sana: watu 130, wastani ukiuweka kwenye Selsiasi ni 36.81, mchepuko sanifu (yani kipimo cha jinsi watu walivyotofautiana) 0.41.

Nadharia tete yetu ni kwamba wastani wa watu wote wenye afya ni 37. Chukua 0.41 gawa kwa kipeuo cha pili cha 130 unapata kama 0.036, zidisha kwa 1.98 ya kwenye jedwali la t unapata 0.07, halafu kwenye wastani toa hiyo 0.07 kisha jumlisha. Intavali yako ni 36.74 hadi 36.88. Haya, 37 iko wapi? Iko nje. Umeshaikataa kwa kiwango cha 5% (yani unakubali hatari ya 5% ya kukataa dai ambalo ni kweli), na ukifanya t-testi ya pande mbili, ile inayoangalia tofauti ya juu na ya chini, jibu ni hilohilo, haiwezi kutokea moja ikatae nyingine ikubali, kwa sababu hesabu ni ileile imegeuzwa tu: t-testi unaipa namba moja inakuambia imepita au haijapita, intavali inakutajia kwa mkupuo namba zote ambazo zingepita.

Mimi naipenda kwa sababu moja kubwa. Pi-valyu hapa ingekuambia "ndogo sana" ikaishia hapo, ila intavali inakuonyesha kwamba 37 imezidi wastani kwa kitu kama digrii 0.12 hadi 0.26, yani tofauti ipo kweli lakini ni ndogo, na nesi anayemsoma mgonjwa wa 39 wodini haimbadilishii chochote. Hilo ndo msomaji wa ripoti yako anataka kujua!

Ila angalia, 36.8 kuwa ndani haijathibitisha kuwa wastani ni 36.8, maana 36.75 nayo imo na 36.87 imo, zote hazijakataliwa tu. Na intavali hii ni ya wastani, sio ya mtu mmoja mmoja, kwahiyo mtu akisoma 36.4 usimwite mgonjwa kisa yuko nje. Pia namba unayoipima ichague kabla hujaona data.

Na kama swali lako lilikuwa la upande mmoja, mfano "wastani uko chini ya 37?", basi kwa kiwango cha 5% tumia intavali ya 90%, uangalie kama ncha yake ya juu haijafika 37. Hapo ndo wengi wanachanganya.