Kukausha majani ya kunde

Dada, umeuliza kwa nini kunde ulizoanika zimepoteza rangi na zinanuka uvundo. Jua kali limezichoma, na vitamini A imepotea nalo. Uvundo ni unyevu uliobaki ndani. Hapa Kakamega mvua hupenda kushuka alasiri, kwa hivyo anza asubuhi mapema. Chambua, osha, tumbukiza kwenye maji yanayochemka kama dakika 2, halafu maji baridi, uchuje. Tandaza tabaka jembamba juu ya wavu, kivulini penye upepo. Likunje jani: likivunjika kwa mlio, limekauka, likipinda kama kitambaa, lirudishe. Weka kwenye mkebe mkavu unaofunga vizuri. Siku ya kupika loweka kwanza, kisha tia munyu (chumvi ya kienyeji ya majivu) kidogo na maziwa. Ni tamu mno!