Je, tutumie mali ya yatima kuendesha nyumba?

SWALI: Assalaam alaykum, shekhe. Mume wangu wa kwanza alifariki akaniachia watoto wawili. Nikaolewa na mwanamume mwenye watoto watatu wa ndoa yake ya awali, na sote tunaishi pamoja. Sasa amepoteza kazi, na mshahara wangu hautoshi. Wanangu wana pesa za mirathi ya baba yao. Kwa kuogopa kula mali ya yatima, nawapikia chungu chao mbali. Watoto wa mume wangu wananuna, naye anataka tutumie pesa hizo mpaka apate kazi. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullah, dada yangu. Hofu yako ina msingi: An-Nisaa aya ya 10 inasema wanaokula mali ya yatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao. Ila hilo la vyungu viwili ni mzigo ambao Allah ameshautua. Masahaba nao walifanya hivyo hivyo. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba kila aliyelea yatima alitenga chakula chake na cha yatima, na kiporo cha yatima kikawekwa mpaka akile mwenyewe au kioze. Ikawawia vigumu, wakamuuliza Mtume (s.a.w.), ikashuka Al-Baqara aya ya 220: mkichanganyika nao, hao ni ndugu zenu.

Basi pikeni chungu kimoja. Kadiria matumizi ya wanao kwa mwezi, chakula, mavazi, ada na dawa, uyatoe katika mali yao, kwani yatima mwenye mali hulishwa kwa mali yake. Andika kila unachotoa. Tofauti ndogo za unga na mafuta zimesamehewa. Hakuna anayehesabu matonge.

Ombi la mumeo, hapana. Nafaqa ya watoto wake, yaani matumizi yao, iko juu yake, na mali ya yatima haigeuki kuwa akiba ya nyumba hata ikiitwa mkopo. Asiye na kazi atalipa kwa nini? Wako wanaoshika aya ya 6 ya An-Nisaa, inayomruhusu msimamizi fukara kula kwa wema. Ruhusa hiyo ni ya msimamizi mwenyewe, haivuki kwenda kwa watoto wa mtu mwingine. Tena katika madhehebu ya Shafi, mama hawi msimamizi wa mali kwa umama peke yake: babu mzaa baba hutangulia, kisha wasii (aliyeachiwa usimamizi kwa wasia), kisha kadhi. Kama babu yao yu hai, mshirikishe kabla hujagusa chochote.

Mshahara wako ni wako, na mumeo hana haki ya kukulazimisha. Ukiutoa kwa hiari, zingatia habari ya Zaynab, mke wa Ibn Mas'ud, katika Bukhari na Muslim. Aliuliza kupitia kwa Bilal kama yatosha kumpa mumewe na mayatima anaowalea. Mtume (s.a.w.) akajibu kwamba ana malipo mawili: ya ujamaa na ya sadaka.

Wale wanaonuna, baba yao ndiye awaeleze kuwa pesa zile ni za mirathi. Ukisema wewe mama wa kambo, watasikia uchoyo. Naye apokee kazi yoyote ya halali, hata ya chini kuliko aliyoipoteza. At-Talaq aya ya 7 haimdai asichonacho, lakini haikumruhusu kukaa tu.

Wallahu a'lam.