Sindano ya mapafu kabla ya opareshen ya kupangwa

Hapana dada uliyeuliza, si kila mjamzito aliyepangiwa kujifungua kwa opareshen lazima achomwe ile sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto. Sindano yenyewe, dexa (deksamethasoni), kazi yake hasa ni mimba ya wiki 24 mpaka 34 ikionekana mama atajifungua ndani ya siku chache, kwa opareshen ya kupangwa kati ya wiki 34 na 36 hata WHO hawaishauri sindano hiyo, na inaweza kushusha sukari ya mtoto akishazaliwa. Mi niko leba hapa Dodoma, kama mama na mtoto hawana shida tunasubiri wiki 39 zitimie, mapafu mara nyingi yanakuwa yameshakomaa yenyewe. Ila kujua mimba ina wiki ngapi ndo kasheshe, wengi wanaanza kliniki wamechelewa na ultrasaundi ya mwanzo hawana, kwahiyo nenda na kadi daktari ahesabu upya.