Kikokotoo cha programu kinaweza kuwa kompyuta ya mkononi?

Msomaji anayesomea upimaji ardhi ameniuliza kama TI-84 Plus, kikokotoo cha programu alichopewa na kaka yake, inafaa kuwa kompyuta ya kwenda nayo saiti. Inafaa, mradi kazi iwe ya namba kuingia na namba kutoka. Wapima na wahandisi wamekuwa wakifanya hivyo tangu kikokotoo cha HP-41C kitoke mwaka 1979, na wanaanga wa Marekani walikibeba kwenye Space Shuttle. Maelezo, majina na michoro yabaki kwenye daftari au simu. Skrini ya TI-84 Plus ina mistari 8 ya herufi 16 tu, na kuandika jina la mwenye kiwanja kwa kitufe cha ALPHA kunachosha. Lakini juani inasomeka, vitufe vinabonyezeka hata vidole vikiwa na tope, na inatumia betri 4 za AAA zinazouzwa dukani.

Anza na programu moja ya kazi, beringi (pembe ya mstari kutoka kaskazini, kwa mwelekeo wa saa) na umbali kati ya bikoni mbili (alama za mipaka ya kiwanja). Bonyeza PRGM, chagua NEW, andika jina BERINGI (mwisho ni herufi 8), kisha:

Degree
Prompt A,B,C,D
R►Pr(D-B,C-A)→L
R►Pθ(D-B,C-A)→T
If T<0
T+360→T
Disp L,T►DMS

A na B ni koodineti za mashariki na kaskazini za bikoni ya kwanza, C na D za pili; L ni umbali na T ni beringi. Amri zichague kwenye menyu, usiziandike herufi kwa herufi, maana kikokotoo hakitazitambua na utapata ERR:SYNTAX. R►Pr, R►Pθ na ►DMS (inayoonyesha digrii, dakika na sekunde) zipo chini ya ANGLE, Degree kwenye MODE. Usiiache Degree: mashine ikiwa kwenye radiani, ile 360 haina maana tena.

Wengi hutumia tan⁻¹ ya tofauti ya mashariki iliyogawanywa kwa tofauti ya kaskazini. Hapo ndipo viwanja hugeuzwa. Jaribu 100, 100, 40, 180: umbali ni 100 na beringi 323°7′48″. Rudi kinyume, 40, 180, 100, 100: lazima upate 143°7′48″. tan⁻¹ inatoa −36.87 kwa zote mbili, na mstari ukielekea mashariki kamili inakwama kwa kugawanya kwa sifuri. Programu isiyopita majaribio haya mawili usiende nayo saiti.

Kumbukumbu ndiyo ukuta wenyewe. RAM (kumbukumbu ya muda) ya kutumia ni kama kilobaiti 24, na kila namba kwenye orodha hula baiti 9. Pointi moja yenye mashariki, kaskazini na kimo ni baiti 27, kwa hiyo hata mashine ikiwa tupu hufikishi pointi 900. Tena herufi A hadi Z ni za programu zote: nyingine ikiandika kwenye A, thamani yako imekwenda. Koodineti za kudumu ziweke kwenye orodha zenye jina.

Programu mpya hukaa kwenye RAM, na mashine ikianguka utaona RAM Cleared, yaani vyote vimefutika. Bonyeza 2nd, MEM, chagua Archive (hifadhi ya kudumu), kisha jina la programu kutoka PRGM. Ukitaka kuitumia, itoe kwanza kwa UnArchive, la sivyo utapata ERR:ARCHIVED. Weka nakala kwenye kompyuta pia, kwa waya wa USB.

Anayenunua leo, namshauri Casio fx-9750GIII. Nayo inatumia AAA 4, inaendesha lugha ya programu ya Python, na ukiichomeka kwenye kompyuta huonekana kama flashi: unaandika programu kwa kibodi ya kawaida, unainakili, unachomoa. HP 50g ina nafasi ya kadi ya SD, inayomaliza shida ya pointi nyingi, ila haitengenezwi tena, hivyo unaponunua iliyotumika bonyeza kila kitufe na ujaribu kadi kabla ya kulipa.