Lekchara wako ana upande: maneno kwa mnaoingia chuo mwaka huu

Nianze na hili ili tusisumbuane mbele: hakuna lekchara asiye na upande. Hata yule wa takwimu anayeandika fomula ubaoni toka saa mbili mpaka saa nne ana maoni yake kuhusu serikali, kuhusu wafadhili, kuhusu nani alistahili kushinda uchaguzi, na ipo siku yatamtoka tu. Nasema hivi kwasababu kila vyuo vikikaribia kufunguliwa napata meseji za wazazi na wadogo zangu, "eti chuo fulani wanawageuza watoto wanakuwa wapinzani?", wengine kinyume kabisa, "eti bila kadi ya chama mkopo hupati?" (Bodi ya Mikopo haikuulizi kadi ya chama, hilo tulimalize hapa hapa.) Mimi nimesoma sosholojia, nikabaki chuoni kidogo nikisaidia kuendesha semina, kwahiyo nimeliona hili jambo nikiwa nyuma ya dawati na nikiwa mbele yake.

Kwanza tuondoe hii habari ya kwamba siasa imeingia vyuoni juzi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilianzia kwenye jengo la TANU pale mtaa wa Lumumba Oktoba 1961, bendera ya uhuru haijapandishwa bado, ndio baadae kikahamia Mlimani. 1966 wanafunzi wakaandamana kupinga kulazimishwa kwenda JKT, hasa ile ya kukatwa sehemu kubwa ya mshahara baada ya kambi, na kuna bango lilisema afadhali ukoloni, Mwalimu Nyerere akawatimua 393 papo hapo alafu akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa mwaka uliofuata, na mmoja wao, Samuel Sitta, akaja kuwa Spika. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, mwezi mmoja baadae watu wakakaa kikao pale pale chuoni kujadili chuo cha nchi ya kijamaa kiweje, na humo ndimo ilimotoka ile kozi ya lazima ambayo leo mnaijua kama DS (Development Studies, masomo ya maendeleo). Kwahiyo ukiwa kwenye darasa la DS la watu mia kadhaa unapigana na usingizi, jua umekalia uamuzi wa kisiasa wa miaka ya 60. Na chuo kilipokuwa huru 1970 baada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kuvunjwa, Makamu Mkuu wa kwanza alikuwa Pius Msekwa, ambaye alitoka moja kwa moja kwenye ukatibu mtendaji wa TANU. Wala hawakuficha.

Ila kisa ninachokipenda zaidi kuwapa watu ni cha Cheche. Hili lilikuwa gazeti la wanafunzi wa mrengo wa kushoto Mlimani, wale wa USARF (umoja wa wanafunzi wanamapinduzi) na vijana wa TANU pale chuoni, toleo la kwanza lilitoka Novemba 1969. Hawa hawakuwa wapinzani wa ujamaa, walikuwa wajamaa kuliko serikali, ndo walikuwa wanauliza mbona huu ujamaa wenu una mabosi? Issa Shivji akiwa kijana kabisa aliandika humo kwamba kuna tabaka jipya linanenepa ndani ya hayo hayo mashirika ya umma. Mwaka haujaisha vizuri, Novemba 1970, gazeti likapigwa marufuku na USARF nayo ikafutwa, sababu waliyopewa ni kwamba jina lenyewe limekopwa kwenye gazeti la Lenin wa Urusi, Iskra, yaani cheche, na Tanzania haihitaji itikadi ya kuazima. Serikali ya kijamaa imefungia gazeti la kijamaa! Hata Walter Rodney, aliyekuwa anafundisha historia pale na ambaye leo kila mtu anamnukuu kwa mbwembwe, gazeti la chama The Nationalist lilimrarua Desemba 1969 kwasababu ya hotuba yake tu.

Sasa unajifunza nini hapo wewe unayeingia mwaka wa kwanza? Kwamba kuwa upande mmoja na wenye nguvu hakukulindi ukianza kuuliza maswali. Watu wengi wanakuja chuo wakidhani salama yao ni kuchagua upande sahihi, wakishajua lekchara ni wa huku nao wanakuwa wa huku, wanaandika anachotaka kusikia. Nimesahihisha hizo kazi. Zinachosha. Unakuta asainimenti ishirini zote zinaanza na "ubepari ni mfumo wa kinyonyaji" kwasababu profesa anajulikana ni mjamaa wa zamani, na ndani hakuna kitu, hakuna mfano hata mmoja wa shamba, kiwanda, bei ya korosho, chochote. Na unajua nani alikuwa anawapa C kali? Huyo huyo profesa mjamaa.

Huyu mzee ndie aliyenifundisha namna ya kuishi na jambo hili. Siku ya kwanza darasani alisema wazi mimi ni mtu wa Azimio, ubinafsishaji ulituua, mtakaopinga mje na ushahidi. Rafiki yangu mmoja aliandika kazi nzima akitetea soko huria, akaonyesha maduka ya ushirika ya miaka ya 80 yalivyokuwa matupu, foleni za sukari na sabuni, mashirika ya umma yalivyokuwa yanakula ruzuku, mzee akamwandikia pembeni maswali kibao ya ugomvi alafu akampa A. Tena akamwita ofisini wakabishana mpaka giza.

Aliyetusumbua alikuwa mwingine, kijana, suti nzuri, Kiingereza cha kwenye ndege, ambaye kila siku anasema "mimi sina siasa, mimi naangalia data tu". Ukiangalia orodha yake ya kusoma, ripoti ya shirika la fedha la kimataifa, ripoti ya wafadhili, ripoti ya wafadhili tena, na utafiti wake mwenyewe alioufanya kwa hela za wafadhili wale wale. Ukiuliza kwanini kuchangia gharama za elimu na afya kulikoletwa na masharti ya wakopeshaji ya miaka ya 80 na 90 kunaelezwa humu kama mvua, yaani kitu kilichonyesha tu chenyewe, anakwambia hilo ni swali la kisiasa, turudi kwenye mada. Hapo ndo pa kuwa macho. Mwenye itikadi anayeitangaza unaweza kubishana nae, ila huyu anayesema hana utabishania wapi?

Na hizi hela za wafadhili ni suala kubwa kuliko ujamaa wa wazee waliobaki wawili watatu wanaosubiri kustaafu. Mahmood Mamdani, msomi wa Uganda, alishalisema sana kuhusu chuo cha Makerere kule kwao, jinsi kazi za ushauri wa kulipwa zilivyokula utafiti, mwalimu anaacha swali lake anakwenda kujibu la anayemlipa. Sisemi walimu ni wasaliti, mishahara tunaijua. Nachosema, ukiona mada za utafiti za idara yenu zote zinafanana na vichwa vya miradi, jua nani kachagua maswali. Itikadi siku hizi inaingia chuoni na bajeti na logo.

Haya tuje kwenye vitendo.

Wiki ya kwanza chukua kozi autilaini na kabla hujaanza kuogopa mtihani angalia orodha ya kusoma. Ni kina nani wamo? Wa miaka gani? Kuna Mwafrika hata mmoja? Kuna hata mmoja anayewapinga waliobaki? Hiyo karatasi moja inakwambia upande wa mwalimu kuliko stori zote za kwenye korido. Alafu tafuta mwenyewe maandishi ya upande uliokosekana, hata mawili tu, usome. Mwalimu mjamaa, msome mtu wa soko. Mwalimu wa soko, msome Shivji. Sio ili umkomeshe mtu darasani, ni ili siku unaandika uwe unajua unachokikataa.

Kuhusu kupinga kwenye kazi ya maksi, kanuni yangu ilikuwa hii: nyumba ya mwenzio unaingilia mlangoni. Anza kwa kueleza hoja ya mwalimu vizuri kabisa, vizuri mpaka mwenyewe aikubali, na rifarensi zake mwenyewe, ndipo useme ila kwenye jambo fulani haielezi kilichotokea mahali fulani mwaka fulani. Ukianza na "sikubaliani" mstari wa kwanza, binadamu ni binadamu, kalamu nyekundu inatoka. Na usitumie mitandao kama ushahidi, jamani, nimeona mtu kaweka klipu ya TikTok kwenye rifarensi.

Je kama kweli unaonewa? Inatokea, sitasema haitokei. Tunza kila kazi iliyorudishwa na maoni yake, usitupe. Kaongee nae kwanza ofisini kwa adabu, "mwalimu naomba unisaidie kuelewa hapa nimekosea wapi". Ikishindikana nenda kwa mshauri wako wa kitaaluma au mkuu wa idara ukiwa na karatasi mkononi, maana vyuo vyetu vingi vina utaratibu wa kukata rufaa ya matokeo na una muda wake, na wengi wanaukosa kwasababu wanatumia wiki mbili kulalamika kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Hilo grupu pia chunga ulimi. Humo kuna CR (mwakilishi wa darasa), kuna wa kila chama, kuna wanaopeleka maneno, kuna ambaye ni mpwa wa lekchara na hamjui.

Kwenye utafiti wa mwaka wa mwisho ndo utaona woga ulivyo. Mwenzangu mmoja alipeleka mada inayogusa takwimu za umaskini kipindi kile Sheria ya Takwimu imebadilishwa 2018, ile iliyofanya kosa kutoa takwimu zinazopingana na za serikali. Msimamizi wake akamwambia mdogo wangu badilisha, andika kuhusu bodaboda. Sheria ilirekebishwa 2019, kikafutwa hicho kipengele, lakini ule woga haukufutwa kwenye gazeti la serikali, uliendelea kukaa kwenye vichwa vya wasimamizi miaka, na mwanafunzi anakuja kuambiwa "hiyo mada pana sana" kumbe haina upana wowote, ina hatari. Ushauri wangu: usiiache mada, ibadilishe umbo. Badala ya nchi nzima chukua kata moja, badala ya kuhukumu sera uliza watu wameishije nayo. Kibali cha utafiti omba mapema, wala usiende kwa mtendaji wa kata mikono mitupu bila barua ya chuo, utazungushwa mpaka semista iishe.

Matawi ya vyama. Yapo, yote mnayajua, CCM wana seneti zao za vyuo vikuu na CHADEMA wana CHASO, na watakufuata wiki ya kwanza kabla hata hujajua choo kiko wapi. Mimi sikwambii usijiunge. Ukijiunga, jiunge kwasababu unaamini kitu, maana niliowaona wameingia kwa ajili ya fulana, nauli na ahadi ya ajira, fulana walipata. Na usidhani utakachokiamini ukiwa na miaka 22 ndicho utakachokufa nacho. Mwenyekiti wa ile USARF ya Mlimani alikuwa kijana mmoja wa Uganda, anaitwa Yoweri Museveni, aliwaongoza wenzake mpaka Msumbiji maeneo ya FRELIMO, wapigania uhuru wa huko, 1968 kuona mapinduzi kwa macho. Akachukua nchi 1986, mwaka uliofuata tu kasaini na IMF, lile shirika la fedha la kimataifa, na Desemba 1990 wanafunzi wa Makerere walipogoma kwasababu ya posho zao kuondolewa polisi walipiga risasi, wawili wakafa. Wengine walibaki walipokuwa, Shivji hajahama hata leo. Kenya nako, Willy Mutunga alikamatwa 1982 akiwa mwalimu wa sheria Nairobi, enzi ambazo Moi ndie mkuu wa vyuo vyote vya umma, akaja kuwa Jaji Mkuu 2011. Maisha ni marefu kuliko semista, msigombane na wenzenu wa chumba kimoja kwasababu ya bendera.

Nimalizie na mama mmoja aliyeniandikia wiki iliyopita, binti yake kachaguliwa sosholojia na yeye anataka amhamishe uhasibu ili "asiingizwe siasa". Mama, kwenye uhasibu pia atafundishwa kwamba kazi ya kampuni ni faida ya mwenye hisa, na hiyo nayo ni itikadi, tofauti ni kwamba haitangazwi kama itikadi. Kama mwenyewe anaupenda uhasibu, mpeleke. Kama ni woga wako tu muache alipo, na kama mtaamua kuhama fanyeni haraka, kwenye vyuo vingi dirisha la kubadilisha kozi ni wiki chache za mwanzo na wasioripoti mapema wanalikuta limefungwa.