Jibu la swali la wiki: naingia, ila simu zizimwe

Swali lenu linauliza, shindano la kuchora sura za watu kwenye TV, kama lile la Uingereza la Portrait Artist of the Year, likija kwetu utaingia?

Mi naingia, ila kwa sharti moja, simu zote zizimwe. Niko Bagamoyo, nachora mabango ya maduka na sura za watu, Chuo cha Sanaa sijasoma japo getini kwake napita kila siku. Wale wenzetu tangu 2013 wanapewa masaa 4 na mtu maarufu kakaa mbele yao, ila angalia vizuri, wengine wanampiga picha na tableti afu wanachora tableti, na mtu mwenyewe yupo palepale!

Siwacheki, na mi kazi zangu karibu zote zinakuja WhatsApp. Mteja katuma picha ishapigwa filta, bado anasema fundi ning'arishe kidogo, mwingine anatuma ya marehemu kaikata kwenye picha ya harusi, bega la mtu limebaki pembeni. Sasa mwaka jana nikamwomba baba mdogo, mvuvi, anikalie barazani. Dakika 20 za kwanza kakaza shingo kama anapiga paspoti, baadae usingizi ukampitia, mdomo ukalegea, na hapo ndo sura yake ikaja. Na rangi sasa! Miaka yote nachanganya kahawia na nyeusi naita ngozi, kumbe shavu la upande wa bahari lilikuwa na bluu kabisa, na chini ya kidevu wekundu wa kikoi chake umepanda mpaka shingoni. Kwenye simu hicho hukioni.

Zawadi ya kule ni oda ya kuchora ya paundi 10,000, mshindi wa kwanza Nick Lord alimchora mwandishi Hilary Mantel, picha ikawekwa British Library, maktaba ya taifa ya kule. Safi. Ila mi napenda zaidi pale aliyechorwa anapochagua picha moja aende nayo kwake, maana majaji wataongea brashi wee, mwenye sura ndo anajijua. Baba mdogo alivyoamka akaitazama, akasema "mbona huyu marehemu baba", akaibeba bila kuuliza bei. Mpaka leo iko kwake juu ya redio, na ule ubao ulikuwa wa bango la mteja.