Funga Kitabu Saa Tatu Usiku

Juzi niliamka kwa Swala ya Alfajiri nikakuta ujumbe wa binti mmoja wa kidato cha nne, wa hapa hapa Lamu. "Kaka, nikifungua Hisabati mikono inatetemeka, na nilichosoma jana leo sikioni. Zimebaki wiki tatu. Nifanyeje?" Maneno yenyewe nimeyasikia kwa wengi. Kilichonichoma ni saa aliyoandika: saa saba na dakika kumi na mbili usiku. Mtoto yu macho saa saba, na mtihani bado wiki tatu. Nilimjua papo hapo, maana mimi nilikuwa yeye.

Mwaka 2009 nilikuwa mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa Kenya wa kumaliza kidato cha nne. Darasani sikuwahi kushuka chini ya nafasi ya tatu, na Hisabati nilikuwa nikiwafundisha wenzangu barazani kwetu Langoni kila baada ya Isha. Mtaani walishaanza kuniita daktari. Nikiagizwa chumvi dukani, muuza duka husema, "Mpisheni daktari." Jina lile nililipenda, sitaficha, na ndilo lililoninyima usingizi. Kila lilipotajwa niliona watu wote watakaonicheka nikianguka.

Basi nikakesha. Mwezi mzima usingizi wangu haukuzidi muda wa saa tatu au nne kwa usiku. Chupa ya kahawa tungu mezani, na mafungu ya miraa niliyoyaficha chini ya godoro ili bibi yangu asiyaone. Ulikuwa msimu wa tanga mbili, kusi limekwisha na kaskazi haijashika, chumba kina joto kama tanuri ya mofa. Bibi alikuwa akisimama mlangoni na leso yake mabegani: "Lala mwanangu, mato yamekuwa mekundu." Nami namjibu kwa ukali, mimi niliyelelewa nisimwinulie sauti. Hilo linaniuma kuliko alama zozote.

Asubuhi ya karatasi ya kwanza ya Hisabati sikula kitu. Bibi aliniwekea mahamri na mbaazi, nikayaacha yakapoa. Tuliketi, msimamizi akakata bahasha kwa makasi, karatasi zikagawiwa. Wanaoijua karatasi ile wanajua mpango wake: sehemu ya kwanza maswali 16, alama 50, yote lazima, sehemu ya pili maswali 8, unachagua 5, alama 50, saa mbili na nusu basi. Swali la kwanza lilikuwa la hesabu za sehemu, zile za nusu na robo, swali ambalo wiki iliyopita nilimweleza mwenzangu nikiwa nakula. Nikalitazama. Tarakimu nazijua moja moja, lakini haziungani. Moyo ukaenda mbio, masikio yakaziba, na tone la jasho likaangukia namba yangu ya mtihani, wino ukatanda. Nilishughulika kuifuta ile namba kama dakika kumi, nikiwa na hakika kwamba ikisomeka vibaya nimekwisha. Nilipoinua kichwa, jirani yangu alikuwa anafungua ukurasa wa pili.

Nilipata D ya Hisabati. Siku ya kuchukua matokeo mwalimu mmoja alisema mbele ya wanafunzi na wazazi, "Kumbe huyu alikuwa akitudanganya miaka yote." Sikuwa nimemdanganya mtu. Yale niliyafahamu. Nimesamehe, nadhani, lakini sentensi ile ningali naikumbuka na mahali aliposimama alipoisema.

Miezi iliyofuata nilibeba mizigo gatini, na haina simulizi. Kilichonitoa ni ami yangu, mzamiaji wa kamba mawe. Aliniona nilivyonyong'onyea akanichukua baharini, upande wa Manda Toto. Siku ya kwanza nilijitosa kwa pupa nikapanda juu nikitapatapa kabla sijagusa jiwe. Ami akanishika mkono tukaelea. Akaniambia, "Anayezamia na hofu pumzi humwishia juu ya maji, kabla hajashuka." Akanifanya nivute pumzi kwa pua mpaka tumbo liinuke, akihesabu nne, kisha niitoe polepole kwa mdomo, akihesabu nane. Mara sita, mara saba, huku kidole chake kiko kifundoni mwa mkono wangu akisikiliza mshipa. "Sasa umetulia. Shuka." Nikashuka, nikalikuta jiwe, nikamwona kamba kwa pembe zake zikichezacheza pangoni.

Mwaka 2011 nilirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Karatasi ilipowekwa mezani moyo ulianza mbio zake zile zile. Nikaweka kalamu chini, nikavuta nne, nikatoa nane, nikijiona juu ya maji ya Manda. Mara saba. Haikupita hata dakika mbili. Nikaokota kalamu. Hisabati nilipata B+, na leo ni tabibu. Nasema kwa fahari, na bibi alijaaliwa kuliona koti langu jeupe.

Chuoni ndiko nilikokuja kujua ami alikuwa akifanya nini. Hofu humwaga mwilini adrenalini, homoni ya kukabili hatari: moyo unakwenda kasi, jasho linatoka, damu inakimbilia misuli kana kwamba utapigana au utakimbia. Kutoa pumzi ndefu kuliko uliyovuta huushusha mwendo wa moyo, nao mwili husadiki kwamba hatari imepita. Sehemu ya akili inayoshika mambo ya papo hapo ni ndogo. Wasiwasi ukiijaza, zile hesabu za nusu na robo hazina pa kuketi. Ndiyo maana nilikuwa nazijua na nisizione.

Kwa hiyo ndugu yangu, la kwanza ni usingizi. Wa umri wako, kati ya miaka 13 na 18, anahitaji saa 8 hadi 10. Ulichosoma mchana ubongo hukipanga na kukihifadhi ukiwa umelala. Ukikesha unateka maji kwa pakacha. Sali Isha, kula, saa tatu funga kitabu, uamke saa kumi na moja na Alfajiri. Kahawa iwe ya asubuhi. Ukiinywa saa kumi na mbili jioni, karibu nusu ya nguvu yake ingali mwilini saa tano usiku. Miraa usiiguse kabisa.

La pili ni hiyo pumzi, na uifanye kila siku tangu leo, usingoje chumba cha mtihani. Jioni tembea kando ya bahari mpaka Shela na kurudi, ukiifanya njiani. Vijana wanaoniambia hawana nafasi ya kutembea huwa wana nafasi ya simu saa mbili nzima.

La tatu nililipata nikiwa mkubwa, natamani ningelijua mapema. Mwaka 2011, mwaka ule ule niliorudia, watafiti wa Marekani Gerardo Ramirez na Sian Beilock walionyesha kwamba wanafunzi wenye hofu walioandika hofu zao kwa dakika 10 hivi kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi. Andika: naogopa kuchekwa, naogopa baba, naogopa karo imepotea bure. Kisha ichane karatasi. Na fanya mitihani ya miaka iliyopita ukiwa na saa mezani, ili mwili uizoee. Na lala. Nimeshasema, narudia.

Nanyi wazazi, acheni kumwita mtoto daktari kabla hajawa. Mnampenda, lakini mnamtwika. Usimtaje mtoto wa jirani mezani. Mpikie, mwombee dua, mzimie taa. Mwalimu anayemdhalilisha mtoto mbele ya watu siku ya matokeo anabeba dhima, na atakuja kuulizwa. Na mtoto akianza kusema afadhali asingezaliwa, au hali wala hasemi, hilo si deko. Kaeni naye usiku huo huo, mfikisheni hospitali, au pigeni 116, simu ya watoto, haina malipo.

Mdogo wangu uliyeniandikia saa saba: bibi yako au mama yako akisimama mlangoni leo, muitikie kwa upole, kisha zima taa. Kesho asubuhi nitumie ujumbe mmoja tu, uniambie umelala saa ngapi.